Tunaosubiri Kuitwa

Kila mwaka katika mwezi wa Julai, mara Baraza la Mitihani la Taifa linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, hutokea misikitini mwetu jambo tulilolizoea kiasi cha kutouona ubaya wake. Swala ya Ijumaa ikishamalizika, husimama mzee mmoja pamoja na mwanawe. Hadhara huelezwa kwamba kijana amefaulu, amepata daraja la pili, Alhamdulillahi. Takbira husikika. Kisha mzee huuliza kwa unyenyekevu: "Sasa jamani, mtoto huyu tumfanyeje?"

Swali la mzee ni la haki, ila limekuja likiwa limechelewa kwa zaidi ya miaka minne. Na sisi tunaolijibu kwa kupitisha kofia safu kwa safu, tukapata nauli ya Dodoma au Dar es Salaam pamoja na dua ndefu ya kumsindikizia, tuna lawama kubwa kuliko yeye. Mzee hajui. Wengine wetu tunajua, maana tumepita njia hiyo hiyo, na tumenyamaza.

Tunaandika haya tukiwa na kisa mkononi. Jamaa mmoja wa Olbalbal, mfugaji, ambaye huswali nasi Karatu kila anapokuja mnadani, alitujia akiwa na mwanawe aliyehitimu kidato cha sita. Asiyeifahamu Olbalbal aelewe kwamba ni bonde la nyasi fupi na vumbi lililoko magharibi ya kreta ya Ngorongoro, ambako maji ya korongo la Oldupai huishia na kukauka. Makao makuu ya wilaya yako upande wa Loliondo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, ng'ambo ya mbuga. Mji wanaouzoea, wenye benki, mawakili na maduka ya intaneti, ni Karatu, nayo ni wilaya nyingine kabisa. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani litarudi.

Kijana yule alikuwa amefanya vizuri katika Historia, Jiografia na Kiswahili. Tulipomuuliza anataka kusoma nini, alijibu bila kusita: utabibu. Alipokuwa darasa la nne mama yake alibebwa kutoka bomani kupelekwa hospitali ya Endulen, akafia njiani, na tangu siku hiyo mtoto hakuwa na nia nyingine. Tukamuuliza Fizikia aliiacha lini. Akasema aliiacha alipoingia kidato cha tatu, kwa sababu shuleni kwao mwalimu wa somo hilo alikuwa amehama na hakuletwa mwingine kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kwa kuliacha somo lile alikuwa akiuacha na utabibu wenyewe, wa shahada na wa stashahada pia. Alikuwa na miaka 16. Uamuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake aliufanya siku moja ya Januari, peke yake, akidhani anapunguza mzigo wa madaftari.

Basi, tukasema, ualimu nao ni kazi ya heri. Akaomba shahada ya ualimu, akakubaliwa. Kilichobaki kilikuwa mkopo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Cheti cha kifo cha mama yake hakikuwahi kuchukuliwa; kwa hiyo mbele ya fomu kijana huyu hakuwa yatima. Mama yake alikuwa amezikwa miaka kumi iliyopita, lakini kwenye karatasi bado alikuwa hai. Miezi ambayo angeweza kuvifuatilia vyeti hivyo alikuwa kambini, katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Alipotoka zilibaki siku chache. Akapanda gari kwenda Loliondo, akarudi, akaenda tena. Vyeti vikapatikana, uhakiki haukuwahi, dirisha likafungwa. Baba yake akauza ng'ombe katika kilele cha kiangazi, wamekonda mbavu zinahesabika, na fedha iliyopatikana haikutosha hata muhula mmoja. Nafasi ile ya chuo ikapotea. Leo kijana anachunga.

Tunauliza: ni nani aliyekosea hapa? Wapo watakaokimbilia kuilaumu Serikali, na wapo watakaomlaumu mtoto. Sisi tunasema kosa la kwanza ni letu, jamaa wa msikiti, tuliomjua mtoto huyu tangu akiwa darasa la tano, tukamsikia akisoma Qur'ani kwa sauti nzuri, tukampongeza, na katika miaka yote hiyo hatukumuuliza hata mara moja: je, una cheti cha kuzaliwa?

Chimbuko la uzembe huu ni la kihistoria, na linaonekana hata katika lugha yetu. Mpaka leo tunasema mtoto "amechaguliwa" kwenda chuo, au "ameitwa" chuo. Zamani maneno hayo yalikuwa ya kweli. Wazee wetu walisoma katika utaratibu ambamo Serikali ndiyo iliyomtafuta mwanafunzi. Ilimchagua, ikamlipia, ikampa waranti ya safari, na alipomaliza ikampangia kazi. Hata Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mhitimu wa kidato cha sita apite kwanza jeshini na kazini, halikumwacha ajitafutie mwenyewe. Alifika chuoni kwa mapendekezo ya pale alipotumikia. Utaratibu huo ulianza kubomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipoingia sera ya kuchangia gharama. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, na fedha ya masomo ikawa kitu cha kuombwa kwa fomu na vielelezo. Mwaka huo huo ikaanza Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2010 tukaletewa mfumo wa pamoja wa udahili, na mwaka 2017 ukaondolewa, waombaji wakatakiwa waombe moja kwa moja katika kila chuo wanachokitaka. Kila hatua iliuhamisha mzigo kutoka mezani kwa ofisa na kuutua begani kwa kijana wa miaka 19. Iwapo jambo hilo ni jema au baya, lina mjadala wake. Sisi tunachosema ni kwamba limekwisha kutokea, nasi bado tumekaa kibarazani tukimngoja mjumbe aje kutuita.

Hatakuja. Wala maombi yenyewe hayaanzi Julai kama tunavyodhani. Kilichoandikwa katika fomu ya Julai ni muhtasari tu wa mambo yaliyoamuliwa miaka ya nyuma, na yeyote anayetaka kumsaidia mtoto ni lazima arudi huko nyuma.

Tuanze na masomo. Anayeomba udaktari wa binadamu kwa matokeo ya kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hata stashahada ya utabibu, ambayo mtu huiomba kwa matokeo ya kidato cha nne, inayataka masomo hayo hayo matatu. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, kwa maana hiyo uamuzi mwingine umesogezwa hadi mwanzoni kabisa mwa sekondari. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 zikafika 65, zikiwamo za masomo ya dini, jambo ambalo wengi wetu tulilipokea kwa furaha. Lakini tujiulize: ni wazazi wangapi, ni maimamu wangapi, walioketi na mtoto wakamuuliza kila tahasusi inampeleka katika kozi gani? Kuwapo kwa njia 65 ni neema kwa aliye na mwongozaji. Kwa asiye naye ni njia 64 za kupotea.

Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi mahususi, na inatupasa tuliseme bila kumung'unya maneno. Vigezo vya kozi nyingi za astashahada na stashahada hutaka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Kwa miaka mingi uchaguzi wa kuingia kidato cha tano nao umehesabu masomo matatu ya ufaulu mzuri nje ya masomo ya dini. Maana yake ni nini? Mtoto wetu mwenye alama ya juu ya Maarifa ya Uislamu, lakini akawa na masomo matatu tu mengine aliyofaulu, anaweza kuwa na cheti cha kupendeza ukutani na asipate pa kwenda. Hatumwambii mtu aache Maarifa ya Uislamu. Aliyelisoma somo hilo amepata kheri yake. Tunasema alisome akijua linahesabiwa wapi na wapi halihesabiwi, na walimu wa seminari zetu wamwambie hivyo akiwa kidato cha pili, wasimwache alibaini mwenyewe mbele ya kompyuta ya dukani.

Upande wa pili nao umejaa upotoshaji. Wazazi wengi huamini kwamba bila daraja la kwanza chuo kikuu hakimhusu mtoto wao. Si kweli. Kiwango cha chini cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita kuomba shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye pointi 4, yaani hata alama D mbili, ingawa kila kozi ina masharti yake juu ya hapo na ushindani wake. Tumewaona vijana waliokata tamaa huku milango ikiwa wazi, na tumewaona wenye pointi nyingi waliojaza kozi tatu zote za udaktari, wakakosa zote, wakakaa mwaka mzima nyumbani. Wote wawili wamekosa mtu wa kukaa naye jamvini kwa saa moja tu, na kijitabu cha mwongozo wa Tume mbele yao.

Sasa karatasi. Jina la mtoto ni lile lile katika cheti cha kuzaliwa, katika usajili wa shule na katika mitihani ya Taifa? Katika nchi yetu, na hasa kwa wafugaji, mtoto ana jina la nyumbani, jina aliloandikwa na mwalimu wa darasa la kwanza aliyeandika kama alivyosikia, na jina alilopewa aliposilimu baba yake. Mohamed mmoja anakuwa Muhamadi, Mohammed na Lemohamed. Kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne kusahihisha ni jambo la barua na ziara ya mzazi shuleni. Baada ya cheti kutoka, ni viapo, ada na safari. Mama au baba akifariki, cheti cha kifo kichukuliwe wakati huo huo wa msiba, sambamba na mirathi. Tuna desturi nzuri ya kuwafariji wafiwa kwa siku kadhaa. Hatuna desturi ya kumtuma hata mtu mmoja kwenda kusajili kifo. Vyeti vyote viwili sharti vihakikiwe na RITA kabla ya kuambatishwa katika maombi ya mkopo, na uhakiki una siku zake. Familia iliyo katika mpango wa TASAF iwe na uthibitisho wake. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili awe na barua ya mfadhili huyo. Na huku Ngorongoro hao si wachache, maana kwa miaka mingi Baraza la Wafugaji lilikuwa likiwalipia watoto ada. Fomu yenyewe husainiwa na serikali ya kijiji au mtaa, kisha na hakimu au wakili, na mdhamini lazima awe na kitambulisho. Je, mtoto ambaye wazazi wake walihamia Msomera, Handeni, baada ya mwaka 2022, hali yeye akibaki shuleni Arusha, ataipata wapi saini ya kijiji? Itapatikana, lakini haipatikani kwa siku mbili.

Kisha kuna kalenda, nayo haina huruma. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwachukua vijana wengi mara tu wanapomaliza mtihani. Matokeo hutoka Julai. Katika miaka ya karibuni dirisha la mikopo limekuwa likifunguliwa kati ya Juni na Julai. Maombi ya vyuo huenda kwa awamu, na aliyepata nafasi zaidi ya chuo kimoja ni lazima athibitishe kimoja ndani ya siku zilizowekwa. Kwa hiyo miezi ambayo mtu wa Olbalbal anatakiwa kuwa Loliondo, Karatu na mtandaoni kwa wakati mmoja, ndiyo miezi aliyo kambini. Hapo ndipo mtu mwenye akili anapoelewa kwamba faili linatakiwa liwe limekamilika kabla ya Mei; na kwa kuwa kidato cha sita ni mwaka wa mtihani, likamilike kidato cha tano.

Kuhusu mkopo wenyewe, tunajua kuna ndugu waliojizuia nao kwa ajili ya riba, na tunauheshimu uchaji wao. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwani deni lilikuwa likiongezewa tozo ya kulinda thamani ya fedha ya asilimia 6 kwa mwaka. Lakini tozo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta Mei Mosi ya mwaka 2021. Anayeendelea kuwaonya vijana kwa hoja ile ile bila kuyasoma masharti ya leo anatoa hukumu juu ya kitu kilichokwisha kubadilika. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Mwenye shaka ayachukue masharti ya mkopo yalivyo, awapelekee wanazuoni anaowaamini, awaulize. Tunachokataa ni tabia ya kulianza suala hilo mwezi wa Septemba, kijana akiwa amesimama na barua ya chuo mkononi, huku huyu akimvutia huku na yule kule. Mtu hupewa jibu la dini akiwa na nafasi ya kulitafakari na kujipanga kwa njia nyingine.

Wapo watakaosema: huku ni kumtia mtoto tamaa ya dunia, rizki iko kwa Mola, aliyeandikiwa atapata. Ndugu zetu hawa tunawaomba waende Olbalbal mwezi wa Aprili. Nyasi ni za kijani, maziwa yamejaa vibuyu, na wazee wamekaa chini ya mti wakibishana ng'ombe watanyweshwa wapi Agosti. Hakuna hata mmoja anayesubiri ndama aanguke ndipo aulize maji yako wapi, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba kuuliza mapema ni kukosa tawakkuli. Au tuwaulize kuhusu Hija. Mtu wa Karatu anayekusudia Hija huanza kuweka fedha miaka mingi kabla, hukata pasi ya kusafiria, huchanja, hupeleka nakala zake kwa wakala katika tarehe aliyoambiwa, na akichelewa hujua hatasafiri mwaka huo. Kumbe kupanga tunakujua, nyaraka tunazijua, tarehe ya mwisho tunaijua. Tumeamua tu kwamba mtoto hastahili bidii hiyo.

Wengine husema hiyo ni kazi ya shule. Kwa sehemu ni kweli, na shule nyingi zina mwalimu wa ushauri. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kujua kwamba mama wa mtoto mmoja alifia njiani na hakusajiliwa. Hayo anayajua baba, jirani na imamu. Na kwa watu wa mbugani shule ni ya bweni, iko mbali, na likizo ya Desemba mtoto hupotelea malishoni hadi Januari.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuuma, kwa sababu ni ya kwetu: kwamba Waislamu tunaonewa. Hatukani kuwa dhulma hutokea. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya Maarifa ya Uislamu yalipokokotolewa vibaya, Waislamu walisimama, wakadai, na matokeo yakarekebishwa. Ilikuwa haki kusimama. Lakini angalieni tunasimama lini. Husimama matokeo yakitoka. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kilipofunguliwa Morogoro tulishangilia majengo, na ilitupasa kuyashangilia. Ila mlango wa Morogoro haumsaidii mtoto wa Ngorongoro ambaye karatasi zake hazijafika. Kelele za siku moja ni rahisi. Kumfuata mtoto mmoja kwa miaka minne, kumuuliza kila likizo umefikia wapi, ni kazi isiyo na takbira wala picha, na ndiyo tuliyoikimbia. Wenzetu wa makanisa, ambao tunapenda kuwataja tukilalamika, sehemu kubwa ya siri yao ni hiyo tu: yuko mtu mwenye daftari.

Tukiwa bado Olbalbal, hatuwezi kuacha kutaja jambo moja la ajabu. Mwaka 1959, mwaka ule ule eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipotengwa na Serengeti, Mary Leakey alifukua katika korongo la Oldupai fuvu maarufu lililoipa sehemu hii jina duniani kote. Tangu wakati huo wanazuoni wa vyuo vikuu vya mbali hawajakoma kuja. Wameandika juu ya udongo huo tasnifu nyingi, wakapata shahada za juu, wakawa maprofesa. Vumbi hilo hilo linalowapa wengine udaktari wa falsafa, mtoto aliyezaliwa juu yake anakosa shahada ya kwanza kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Hatuwalaumu waliokuja, wao walipanga safari yao.

Tumekwisha kukubaliana na jamaa kadhaa wa Karatu, nasi tunaziomba kamati za misikiti mingine zilitazame jambo hili. Msikiti uwe na daftari la watoto wote walioko sekondari, wa kiume na wa kike, si wa mjini pekee bali na wale ambao baba zao huja siku za mnada. Wakati wa likizo ya Desemba baba aje na mtoto na karatasi zote alizonazo, hata kama ni kadi ya kliniki peke yake. Walimu, wauguzi na makarani tulio nao katika safu waketi nao baada ya Adhuhuri. Anayeingia kidato cha tatu aulizwe anataka kuwa nani kabla hajaacha somo lolote, na somo lisilo na mwalimu atafutiwe mwanachuo wa kumfundisha wakati wa likizo. Zile fedha tunazozichanga kwa fujo mwezi wa Septemba zichangwe mapema, kidogo kidogo, zilipie uhakiki na nauli ya Loliondo, ambavyo ni rahisi mara nyingi kuliko ada ya mwaka mmoja. Na wafugaji tunawaambia jambo wanalolijua kuliko sisi: ng'ombe wa masomo auzwe Mei au Juni akiwa amenona, fedha iwekwe, asisubiri Oktoba akiwa ngozi na mifupa na mnunuzi anajua kwamba una shida.

Msichana asisahauliwe katika daftari hilo. Tumesikia kamati moja ikisema kwamba wa kike "mambo yake ni mengine". Mambo gani? Hospitali zetu zikikosa mkunga Mwislamu tunalalamika, na kidato cha nne kikiisha tunamwoza aliyekuwa na alama za kuwa mkunga.

Kijana wa Olbalbal ataomba tena mwaka huu; muda wake haujapita, na safari hii faili lake limekamilika. Ana mdogo wake wa kike aliye kidato cha pili, ambaye naye anasema anataka utabibu, na kwao Fizikia bado haina mwalimu. Baba yao alikuja naye mnada uliopita, akakaa nje ya msikiti hadi tulipomaliza, akatukabidhi mfuko wa plastiki wenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilikuwamo. Jina lake limeandikwa kwa namna mbili, katika cheti na katika orodha ya shule, na barua ya kuomba lisahihishwe imepelekwa wiki hii.